Koki Inayofungwa Kushoto

Simu ilimkuta Mama Spana amelala chali chini ya sinki la jiko la shule, mikono yote miwili juu, tochi mdomoni. Ililia ikakatika, ikalia tena. Mpishi wa shule, aliyekuwa amesimama kando na sufuria tupu, aliichomoa kwenye mkoba wa vifaa na kuisogeza sikioni mwa fundi kama anayemnywesha mgonjwa uji.

"Dada," ilisema sauti ya mdogo wake. "Usishtuke."

Mama Spana aliitema tochi.

"Niko kwenye yadi ya maboza. Wanasema nimewauza. Wanasema..."

Simu ilipokonywa. Ikaja sauti nyingine, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Umemsikia mwenyewe, mama. Tunampa mpaka saa nane mchana aseme nani alimtuma. Asiposema, mtamwokota kwenye reli."

Saa ya ukutani ya jikoni ilionyesha saa tatu na dakika kumi.

Wakati huo vita vya Juu na Chini, pande mbili za mji zinazotenganishwa na barabara kuu, vilikuwa na miezi kumi na sita. Havikuanza kwa risasi, vilianza kwa maji. Mkuu wa kundi la Juu alijiita Meneja, ingawa hakuwahi kusimamia ofisi yoyote. Mkuu wa Chini aliitwa Mpole, kwa kuwa alikuwa akiwatisha watu bila kupandisha sauti. Zamani wawili hao walikuwa dereva na utingo wa boza moja la maji, wakilala kwenye kibanda kimoja cha gari na kugombania mto mmoja. Mabomba ya mji yalipoanza kukauka wakanunua boza la pili, kisha la tatu, kisha wakakosana juu ya nani auze mtaa gani. Barabara kuu ikawa mpaka. Boza la Juu likikanyaga Chini, lilichomwa. La Chini likipanda Juu, dereva alishushwa kwa bastola, na mara mbili hakupanda tena.

Walikuwa wamekufa watu kumi na tisa. Watano kati yao hawakuwa wa kundi lolote: kinyozi aliyekuwa akifunga mlango wake, wanafunzi wawili wa ushonaji, mzee aliyetoka kununua betri za redio, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya maji na ndoo yake. Huyo wa mwisho Mama Spana alimfahamu. Alikuwa amemfungia bomba la bafuni miaka minne nyuma, na bomba hilo halikuwa limewahi kutoa maji zaidi ya kijito cha unene wa penseli.

Mama Spana alikuwa na miaka hamsini na tisa. Aliingia idara ya maji akiwa na kumi na tisa, si kama fundi bali kama mfagizi wa karakana. Alifagia kwa miezi minane. Siku moja msimamizi alimkuta amepiga magoti mbele ya bomba bovu, sikio kwenye chuma, fagio chini. "Unafanya nini hapo?" "Namsikiliza." "Nani?" "Huyu. Anavuja hapa, si pale mlipochimba." Walichimba pale. Alikuwa sahihi, na fagio akapewa mtu mwingine.

Kwa miaka thelathini na moja iliyofuata alifanya kazi kwa masikio. Alikuwa na fimbo ya chuma yenye kikombe kidogo cha mbao kwenye ncha moja. Ncha ya pili aliiweka juu ya bomba, kikombe akakitia sikioni, akafumba macho. Mafundi wenzake walimtania kwamba anaongea na majini. Walipokwama walimwita. Idara ilipopunguza watu alipunguzwa naye, akatoka na fimbo, mkoba na spana yenye urefu wa mkono ambayo ndiyo iliyompa jina. Akaanza kujitegemea, akiziba na kufungua mabomba ya pande zote mbili za barabara kuu. Hata wakati wa vita alivuka. Wenye bunduki walimpisha, kwa sababu hata mtu mwenye bunduki choo chake huziba.

Mdogo wake alikuwa na miaka hamsini. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka minane na dada kumi na saba, na tangu hapo dada ndiye aliyemwogesha, akamvalisha, akamchapa, akamwoza. Ni yeye pia aliyemtafutia kazi ya kulinda chemba kubwa kwenye njia panda, kile chumba cha zege chini ya ardhi ambamo bomba kuu kutoka kwenye tangi la mlimani hugawanyika mara mbili, tawi moja likienda Juu na moja likienda Chini. Kila tawi lina koki yake, kubwa kama gurudumu la lori. Kazi ya mlinzi ilikuwa kukaa juu ya mfuniko wa chuma na kuhakikisha hauibwi. Ilikuwa kazi ya kukaa tu, na dada alimtafutia hiyo kwa makusudi, kwa kuwa hakutaka apate nyingine ya kumtia hatarini.

Yadi ya maboza ilikuwa na ukuta mrefu na lango la bati. Mama Spana aligonga kwa spana. Alikuwa amepita kituo cha polisi njiani, ambako askari wa zamu alimwambia aketi aandike maelezo. Alimjibu kwamba maelezo ataandika akiwa na muda.

Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye tairi, mikono imefungwa kwa waya wa umeme, jicho moja limevimba hadi kuzibika. Alipomwona dada yake alijaribu kusimama kwa adabu, akaangukia tairi.

"Kaa," alisema Mama Spana. "Umekula?"

"Dada, hapa si pa kuniuliza hivyo."

"Nimekuuliza kama umekula."

"Sijala."

Meneja alitoka kwenye kibanda akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuhutubia hata alipoomba chumvi. Alimweleza Mama Spana kesi yake kwa mpangilio, kama aliyeiandika kwanza. Kumi na moja alfajiri, vijana wake walikwenda kwenye chemba, wakamwamuru mlinzi afungue mfuniko. Wakashuka na ufunguo mrefu wa chuma wenye mkono kama herufi T. Koki ya Chini wakaizungusha kulia mpaka ikagoma. Nia ilikuwa Mpole na watu wake wasipate hata tone, wamkimbie, naye Meneja ashuke na maboza yake kuwaokoa.

"Saa moja asubuhi," alisema Meneja, "nafungua bomba langu ninywe dawa. Kavu. Juu nzima kavu. Na kule Chini unajua kuna nini? Mafuriko! Watu wanaoga barabarani! Mabomba ambayo hayajatoa maji tangu mwaka juzi yanaruka kama chemchemi. Na huyu Mpole ananitumia ujumbe. Soma."

Alimwonyesha simu. Ujumbe ulikuwa mfupi: *Asante kwa maji kaka. Barikiwa sana.*

"Kaka!" Meneja alifoka. "Ananiita kaka! Huyu mlinzi aliwaambia. Alitugeuzia koki. Sasa mimi nataka jina tu, nani alimpa, halafu mambo yaishe."

Mama Spana alimtazama mdogo wake. Hofu aliyoingia nayo langoni ilimlegea kidogo mabegani, na badala yake ikapanda hasira ya fundi anayesikia mtu wa nje akieleza kazi yake.

"Mlizungusha kulia?"

"Kulia. Mpaka mwisho."

"Hakuna aliyewageuzia kitu. Mlifungua wenyewe."

Kijana mmoja wa Meneja alicheka, akajizuia.

"Koki ya Juu inafungwa kulia," aliendelea Mama Spana. "Ya Chini inafungwa kushoto. Ililetwa baadaye, kutoka kiwanda kingine, na mafundi waliifunga hivyo hivyo. Palikuwa na mshale mwekundu ukutani wa kuonyesha. Wakubwa wa idara walipokuja kukagua, chumba kikapakwa rangi nyeupe chote, na mshale ukafunikwa. Mtu yeyote asiyefundishwa na fundi anayejua angefanya mlivyofanya."

"Mama, usinifanye mtoto. Koki zote duniani zinafungwa kulia. Hata kizibo cha soda kinafungwa kulia."

"Basi ungemwita muuza soda."

Sasa walicheka wawili. Meneja aliwageukia wakanyamaza.

"Na kwa nini huyu hakutuambia?"

"Mlimuuliza?" Mama Spana alimgeukia mdogo wake. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Mimi?" alisema mlinzi. "Dada, mimi nalinda mfuniko. Huko chini sijawahi hata kushuka. Naogopa popo."

Ilikuwa kweli, na namna alivyosema, akiona aibu mbele ya majambazi kwa kuogopa popo, ilimtetea kuliko wakili. Lakini Meneja alikuwa ameshasema mbele ya watu wake kwamba mlinzi ni msaliti, na kauli ya namna hiyo haimezwi bila kitu cha kuisindikiza.

"Twende chembani," alisema. "Ukinionyesha, tutaongea. Usiponionyesha, saa nane ni saa nane, na nitakuwa na wawili."

Walikwenda kwa magari matatu. Saa tano na nusu walikuwa njia panda, na Mama Spana aliona jambo ambalo Meneja hakulipangia. Upande wa Juu wa barabara walikuwa wamejaa wanawake na wanaume wenye ndoo, madumu, mabeseni, hata sufuria. Maji yalikuwa yamewakatikia tangu alfajiri na hakuna boza lililotoka yadini, kwa kuwa Meneja alikuwa na kesi. Mbele kabisa alisimama mwanamke mmoja mwenye taulo mabegani, kichwa chake kimejaa povu la sabuni lililokauka na kuwa jeupe kama chaki.

"Mume wangu," alisema mwanamke huyo.

"Rudi nyumbani," alisema Meneja bila kumtazama.

"Nirudi na kichwa hiki? Toka saa moja asubuhi kinaniwasha. Maboza kumi na manne unayo, mke wako hana kikombe cha kujisuuza. Niambie nimwambie nani."

Kicheko kilipita katika umati kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa. Meneja alishuka chembani haraka kuliko alivyokusudia.

Mle ndani mlikuwa na baridi na unyevu. Mama Spana aliweka fimbo yake juu ya tawi la Chini. Kwa miaka sita alikuwa akisikiliza matawi haya akiwa mitaani, na kila mara alisikia kitu kimoja: bomba linalobanwa koo. Koki zote mbili zilikuwa zimefungwa nusu. Mtu fulani ndani ya idara, ambaye sasa alikuwa amestaafu na kujenga nyumba ya ghorofa, alizibana kwa ombi la wenye maboza, siku zile Meneja na Mpole walipokuwa bado wanagombania mto. Mama Spana aliandika barua tatu. Hakujibiwa hata moja, na ufunguo wa koki ulikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Leo wenye bunduki walikuwa wamemleta wenyewe, kwa gari.

"Njoo usikie," alimwambia Meneja.

Meneja alisita, kisha akainama na kutia sikio kwenye kikombe cha mbao. Macho yalimtoka. "Linanguruma."

"Sasa mimi nazungusha kushoto. Wewe niambie."

Akashika mkono wa ufunguo. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tano. Koki ile huchukua mizunguko thelathini na tisa kutoka wazi hadi kufungwa, naye aliihesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa.

"Linapungua," alisema Meneja. Baada ya kumi nyingine alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Linanong'ona." Alinyanyuka, akajifuta sikio. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa akihutubia. "Kushoto kweli."

"Basi mfungueni mdogo wangu."

Meneja alifikiri. Alikuwa mwepesi wa kufikiri, ndiyo maana alikuwa hai. "Umeshaijua njia, mama. Malizia. Ifunge kabisa, Chini wakauke. Ukimaliza, mdogo wako unaondoka naye."

Hapo ndipo Mama Spana alipoachia ufunguo na kukaa juu ya bomba. Juu kabisa, kwenye mwanga wa mfuniko, aliona miguu ya mdogo wake ikining'inia. Ingekuwa mizunguko ishirini na nne tu. Angeondoka naye, wangefika nyumbani, angemkanda jicho kwa maji ya moto. Na kesho yake Chini wangekuja na moto, wangeanzia kwa mlinzi wa chemba, na kwenye foleni fulani mama mwingine angelala kando ya ndoo yake. Alijua pia kwamba watu wa aina hii huwezi kuwakatalia. Unaweza tu kuwaeleza hasara yao.

"Naweza kuifunga," alisema. "Ila sikia. Bomba lako la Juu sasa ni kavu, limejaa hewa. Nikifunga Chini, maji yote ya mlima yanakuja kwako kwa mkupuo mmoja. Yatakimbiza ile hewa kama bastola inavyokimbiza risasi. Bomba lako lina viraka kumi na saba. Nimeviweka mimi. Vinne viko chini ya yadi yako, chini ya maboza. Unataka nikuonyeshe yatakavyozama?"

Hakuwa anatia chumvi. Ilikuwa kweli tupu, na Meneja, aliyekuwa ametoka kusikia bomba likinong'ona, aliamini.

"Kwa hiyo?"

"Najaza lako taratibu. Hili la Chini nalibana kidogo, lako linajaa, kisha nafungua yote mawili sawasawa. Kila upande kuna koki ya hewa mwisho wa bomba. Mtu asimame pale, aifungue, aniambie inavyopumua. Pande zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukikosea, unapasuka mwingine."

"Koki ya hewa ya Chini iko wapi?"

"Nyuma ya karakana ya treni. Barazani kwa Mpole."

Meneja alicheka kicheko kikavu. "Nimpigie mimi?"

"Namba unayo. Amekuita kaka asubuhi hii."

Hakupiga. Alipanda ngazi akatokeza kichwa nje, pengine kutafuta hewa, akakutana uso kwa uso na mke wake aliyekuwa amechuchumaa pembeni ya mfuniko na kusikia kila neno.

"Piga," alisema mke.

"Mama watoto..."

"Piga mbele yangu. Au nipige mimi, na nitamweleza kwa nini nina povu."

Nyuma yake watu walianza kugonga ndoo. Kwanza mmoja, kisha kumi, kisha barabara nzima. Vijana wenye bunduki walitazamana. Mama wa mmoja wao alikuwa katika umati ule, akigonga beseni.

Meneja alipiga.

"Kaka," ilijibu sauti ya taratibu.

"Acha ukaka wako. Nenda kwenye koki ya hewa nyuma ya karakana, uifungue."

"Ili iweje? Nisimame mahali unapopajua?"

Mama Spana alinyoosha mkono kutoka chini, akapewa simu. "Mpole, ni mimi."

"Shikamoo, mama." Sauti ilibadilika palepale. Mama Spana alikuwa amemzibulia mama mzazi wa Mpole bomba la jikoni mara mbili. "Umefikaje kwa hao?"

"Marahaba. Nimekuja kikazi. Mna maji leo, sivyo? Basi yasipoachiwa hewa vizuri hamtakuwa nayo kesho, bomba litakuwa limepasuka barazani kwako. Chukua spana, nenda wewe mwenyewe. Usitume mtu. Nikipata mtu asiyejua kusikiliza, tumekwisha."

"Na Meneja yuko wapi?"

"Anakwenda kusimama kwenye ya kwake. Mtakuwa wote wawili mmeinama mnashika koki. Hakuna mwenye mkono wa kumpiga mwenziwe."

Mpole aliuliza, "Ni kweli shemeji ana sabuni kichwani? Huku tumesikia."

"Kweli kabisa. Imeganda."

Mtu aliyesifika kwa kutopandisha sauti alicheka hadi akakohoa. "Naenda, mama."

Kwa hiyo kuanzia saa sita na robo hadi saa saba na dakika ishirini, wakuu wawili wa makundi yaliyoua watu kumi na tisa walikuwa wamepiga magoti kwenye matope, kila mmoja upande wake, simu begani, wakiripoti kwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyekuwa chini ya ardhi. Simu ilikuwa moja ya watu watatu, kila mmoja akimsikia mwenzake.

"Juu, inapumua?"

"Inapuliza. Inanipuliza usoni!"

"Geuza uso. Chini?"

"Inakoroma, mama."

"Acha ikorome. Ikikohoa maji uniambie."

"Mimi yangu imekohoa!" alidakia Meneja.

"Mbona ya kwangu bado?" alilalamika Mpole.

"Kwa sababu una pupa. Hata kwenye boza ulikuwa na pupa," alisema Meneja. "Ulikuwa unafungua mpira kabla sijazima gari."

"Na wewe ulikuwa huzimi gari!"

"Nyamazeni wote wawili," alisema Mama Spana. "Nasikiliza bomba."

Walinyamaza.

Alizungusha koki ya Juu hadi mwisho wa wazi, kitu ambacho hakikuwa kimefanywa kwa miaka sita. Kisha akairudisha ya Chini hadi wazi, akaipunguza mizunguko sita, kwa kuwa Chini ni bondeni na maji hukimbilia bondeni bila kuombwa. Akaweka fimbo kwenye tawi la kwanza. Akaiweka kwenye la pili. Sauti ilikuwa moja, nzito, tulivu, ya maji yanayokwenda yanakotakiwa. Alikaa pale na kikombe sikioni kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Fungeni hewa," alisema. "Imekwisha."

Kwa alichofanya baada ya hapo hakuomba ruhusa ya mtu. Juu ya kila koki kuna kichwa cha chuma cha pembe nne, ndicho ufunguo unakishika ili kuzungusha. Bila kichwa hicho koki haigeuki, si kulia wala kushoto, hata uje na ng'ombe kumi. Mama Spana alivifungua vyote viwili kwa spana yake, akavifunga kwenye kitambaa, akavitia mkobani.

Alipotokeza nje, mabomba ya mitaa ya Juu yalikuwa yameanza. Ilisikika kabla ya kuonekana: kwanza mlio wa hewa nyumba hadi nyumba, kisha kelele za watoto, kisha mtu akipiga yowe kwamba bomba lake linatoa maji ya kahawia, kisha kwamba sasa ni meupe. Foleni ilivunjika yenyewe. Watu walikimbia na ndoo tupu kurudi makwao, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona pale. Mke wa Meneja alikimbia wa kwanza, taulo likipepea.

Meneja alifika akiwa ameloa kuanzia kola. Vijana wake walikuwa wamemzunguka mlinzi bado.

"Mkoba umekuwa mzito, mama," alisema, akiutazama. "Umechukua nini?"

"Vichwa vya koki. Vina kutu. Nakwenda kuvipaka grisi."

"Grisi inachukua muda gani?"

"Inategemea grisi." Akamgeukia mlinzi, akamkata waya mikononi kwa koleo. "Na huyu anakuja kunibebea."

Alimtwika mdogo wake mkoba begani mbele yao wote, akamshika kiwiko, akaanza kutembea katikati ya barabara kuu, juu ya mpaka wenyewe, mahali ambapo kwa miezi kumi na sita hakuna aliyetembea taratibu. Hakugeuka. Nyuma yake alimsikia Meneja akivuta pumzi ya kuamuru. Upande wa Juu watu walikuwa milangoni wakigonga ndoo zilizojaa, na upande wa Chini nao walikuwa wametoka kugonga zao, na amri haikutoka.

"Dada," alinong'ona mlinzi. "Tunakimbia?"

"Tunatembea. Nyoosha mgongo. Umebeba chuma, si aibu."

Vita havikuisha siku hiyo, na haingekuwa haki kusema viliisha. Watu wengine wawili walikufa mwezi uliofuata. Lakini mtu mwenye maji jikoni hanunui ya boza, na kundi lisilo na cha kuuza halina cha kugombania. Wiki ya tatu vijana wa Juu walianza kutafuta kazi kwenye maghala. Mwezi wa pili Mpole aliuza maboza yake yote kwa kampuni ya ujenzi ya mji mwingine. Idara ya maji ilimwita Mama Spana, ikavipokea vichwa vya koki mbele ya waandishi, ikaomba arudi kazini. Alikataa kurudi. Alikubali kuwafundisha mafundi wapya wanane kutumia fimbo, asubuhi mbili kwa wiki, na sharti lake la kwanza lilikuwa mshale mwekundu ukutani, wenye urefu wa mita moja. Tangu mwezi wa tatu, hakuna aliyeuawa kwenye barabara ile.

Mlinzi aliacha kazi ya mfuniko. Jicho lilipona, likabaki na kovu dogo ambalo wajukuu wa dada yake hupenda kuligusa. Siku hizi anafanya kazi na dada. Hashuki chembani, kwa sababu ya popo, lakini anabeba mkoba, anashika tochi na anapokea simu za wateja, ambao huwaandika kwenye daftari kwa mwandiko wa polepole.

Wiki iliyopita simu ililia wakiwa juu ya paa la nyumba ya mwalimu mmoja, wakifunga tangi. Mlinzi alipokea, akasikiliza, uso wake ukabaki vilevile.

"Fundi yuko kazini," alisema. "Bafu la chini au la ghorofani? Linavuja tangu lini? Haya." Akalowesha kalamu kwa ulimi. "Niandike jina gani?"

Upande wa pili mtu alisema jina, kwa sauti ya kuhutubia.

Mama Spana aliinua kichwa kutoka kwenye tangi. "Nani huyo?"

"Meneja," alisema mdogo wake, akiandika. "Anataka uende kwake leo hii hii. Nimwambieje?"

"Mbele yake wako wangapi?"

Mlinzi alishuka na kidole kwenye ukurasa, bila haraka, jina moja baada ya jingine.

"Wako watatu," alisema kwenye simu. "Wewe ni wa nne. Subiri zamu yako, ndugu."

Akakata, akairudisha simu mfukoni, akamshikia dada yake tochi.